Mivule Arobaini na Mmoja

Katika nchi ninayoitumikia, mti haufi mpaka Wizara iseme umekufa, na Wizara haisemi mpaka mimi nihesabu. Nalitaja hili mapema kwa sababu wapo wanaoamini kwamba yaliyotokea katika Msitu wa Lugende yaliletwa na mmea. Mmea ulihusika, sikatai. Lakini mmea haukuandika Kifungu cha Nne. Kifungu cha Nne nilikiandika mimi.

Kinasema hivi: "Mti utahesabiwa kuwa hai endapo, Siku ya Hesabu, utaonekana kuwa na jani la kijani." Nilikiandika baada ya makarani wangu wawili kubishana siku nzima juu ya mti mmoja. Wa kwanza alikuwa akigonga magome na kusikiliza. Wa pili alikuwa akiwauliza majirani. Nilitaka kipimo ambacho mtu yeyote mwenye macho angeweza kukitumia na kupata jibu lile lile. Katibu Mkuu, Bwana Hiyari Mkocho, alikisoma mara moja tu na kunipa mkono. "Hiki," alisema, "ni kifungu kisichohitaji akili." Nilifurahi. Nilikuwa na miaka thelathini na minne.

Siku ya Hesabu iliwekwa katika mwezi wa kiangazi kikali, kwa kuwa ndio mwezi ambao magari ya Wizara hayanasi kwenye tope. Katika mwezi huo huo mvule hupukutisha majani yake yote na kubaki mtupu, kisha huchipua mvua zikikaribia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa misitu analijua hilo. Mimi pia nililijua, na nikalieleza katika kiambatisho. Kiambatisho hakikuchapwa, kwani ukurasa wake ulihitajika kwa picha ya Waziri. Sikuuliza.

Ndiyo maana mwaka wa kwanza Lugende ilionekana kuwa na mivule 1,904, ambayo kati yake 1,692 ilikuwa imekufa. Taifa lilishtuka. Bendera ilishushwa nusu mlingoti kwa siku tatu, na mwezi uliofuata mivule yote iliyokufa ikachipua. Wizara haikuona sababu ya kuhesabu upya, maana Siku ya Hesabu ilikuwa imeshapita.

Mwaka wa pili iliyo hai ilipanda kutoka 212 hadi 640. Mwaka wa tatu ikafika 1,388. Magazeti yaliandika kwamba msitu unafufuka. Nilitunukiwa cheti chenye utepe.

*

Hesabu ya mwaka wa tatu nilikwenda kuifanya mwenyewe. Lugende ilikuwa chini ya Bibi Miti Sikudhani Kalembwe, ambaye tulisoma naye chuo kimoja. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani. Kwa wasioujua utani wa nchi hii, nieleze kwa ufupi: mtani anaweza kukuambia lolote, popote, mbele ya yeyote, na hairuhusiwi kukasirika. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko Jamhuri, na Jamhuri iliikuta, ikaiogopa, ikaiandika katika sheria. Neno la mtani kwa mtani wake halishtakiwi. Watu wengi wanasema ndiyo njia pekee iliyobaki ya kusema kweli bila kujaza fomu.

"Mtani, karibu," alinipokea getini, panga kiunoni, miguu imejaa vumbi. "Umekuja na gari mpaka mlangoni? Au watu wa kwenu miguu mmeweka rehani?"

"Tunakuja na gari kwenu ili tupate pa kukimbilia."

Alicheka, akanipeleka msituni. Hakuniacha nifungue daftari. Alinikabidhi darubini, akaninyooshea mvule mmoja mkubwa. Matawi yake yalikuwa makavu na meupe kama mifupa, lakini kila baada ya hatua mbili kulikuwa na tita la majani mazito ya kijani.

"Lile ni jani la mvule?"

"Siyo."

"La nini?"

"La kirukia."

"Na kirukia kina mizizi wapi?"

"Ndani ya tawi la mvule."

"Na chakula chake?"

"Maji ya mvule."

"Basi wewe msomi," alisema, "umemkuta ng'ombe kalala chali, kupe tumboni mwake ananawiri, umeandika ng'ombe mzima?"

"Kifungu hakitaji kupe," nilisema.

Alinitazama kidogo. Kisha akaeleza kazi yenyewe, kwa utulivu, kama mtu anayemsomea mwenzake orodha ya mahitaji. Ndege mdogo hula tunda la kirukia, mbegu inamnata, anaifuta kwenye tawi. Mbegu inachimba gome. Ukikata kirukia peke yake, kinachipua tena pale pale. Lazima ukate tawi lenyewe, mkono mzima chini ya pale kiliposhika, na ukate kabla matunda hayajaiva, kisha urudi msimu unaofuata kuangalia kilichokuponyoka. Aliomba watu sita, misumeno, kamba na misimu miwili. "Nipe hivyo, mtani, nikuachie msitu. Usiponipa, baada ya miaka minne utahesabu kuni."

Hoja yake ilikuwa sahihi katika kila kipengele. Niliithibitisha mwenyewe kwa kupanda ngazi na kukagua miti ishirini. Nilimjibu kwamba kazi yangu ni kuhesabu, na ruhusa hutolewa na ofisi nyingine. Hilo nalo lilikuwa sahihi.

Kwenye taarifa niliandika 1,388. Chini yake niliongeza sentensi moja: "Inashauriwa kuangalia majani hayo ni ya mmea gani." Bwana Mkocho aliizungushia kalamu nyekundu.

"Inashauriwa na nani?"

"Na mimi."

"Umeajiriwa kuhesabu au kushauri?"

"Kuhesabu."

Akaifuta. Sikupinga, kwa kuwa mkataba wangu ulikuwa wazi.

*

Mheshimiwa Tegelezo Mafunda, Waziri wa Ujani na Fahari, alikwenda Lugende kuuona ufufuko kwa macho yake. Zulia lilitandikwa kuanzia gari hadi kwenye mvule wa kwanza. Sikudhani alipewa dakika mbili za kueleza, akatumia moja. Alisema vile vya kijani ni virukia, mmea usio na mizizi ardhini, usiofanya kazi ya kutafuta maji, unaoota juu ya mwingine, unaomnyonya mpaka anakauka.

Waziri alisikiliza kwa makini makubwa. Alizunguka mti mara mbili huku mikono iko nyuma. Kisha akapanda jukwaani, na nilikuwepo, na nanukuu kutoka kwenye kumbukumbu rasmi:

"Ndugu wananchi! Nimeoneshwa mmea. Mmea huu haukuomba shamba. Haukuomba mbolea. Haukuja ofisini kwangu kulalamika habari ya mvua. Umeanza chini? Hapana! Umeanzia juu! Na wakati miti mingine yote imevua nguo na kusimama uchi mbele ya wageni, mmea huu umevaa! Vijana, mnataka mfano gani tena?"

Viongozi waliokuwa safu ya mbele walisimama kupiga makofi. Baadhi yao walikuwa na machozi. Sijawahi kuwaona viongozi wetu wakiguswa kiasi kile na jambo lolote la kilimo.

Wiki mbili baadaye kirukia kilitangazwa kuwa Mmea wa Taifa, na Sheria ya Kulinda Ujani ikapitishwa. Kukata kirukia sasa kulihitaji Fomu namba 19, yenye sehemu ya maoni ya kirukia na sehemu ya maoni ya mti. Pande zote mbili zilipewa siku tisini kujibu. Kirukia kisipojibu, kitachukuliwa kuwa kimekataa. Mti usipojibu, utachukuliwa kuwa umeridhika.

Iliundwa pia Tume ya kuchunguza ni nani aliyeisambaza neema hii, ili apewe nishani. Tume iligundua kwamba ni ndege. Ndege waliitwa kwa tangazo la redio wafike makao makuu wakiwa na vitambulisho. Hawakufika, na Tume ikahitimisha kwamba ni wanyenyekevu.

Sikudhani alijaza fomu 1,388. Aliziandika kwa mkono, kila mti na namba yake, na kila fomu ilikuwa imejazwa bila kosa hata moja. Najua kwa sababu zilipitia mezani kwangu kuhakikiwa. Nilizigonga mhuri wa "Imehakikiwa" zote, nikazipeleka juu, na siku tisini zikapita. Miti ikaridhika.

*

Kiangazi kilichofuata, wiki mbili za mwisho kabla ya matunda ya virukia kuiva, Sikudhani alipanda mvule mwenyewe. Hakuwa na watu sita. Alikuwa na shemeji yake, Bwana Chanyika, mpasua mbao aliyekuwa na kamba nzuri na goti bovu. Walikata kwa siku kumi na mbili. Walishusha matawi yote yenye virukia, wakayachoma, wakahamia mti wa pili. Walipofika mti wa arobaini na moja, msafara wa Siku ya Hesabu ukaingia, na mimi nikiwa kwenye gari la pili.

Alikuwa juu. Alituona kabla hatujamwona.

"Mtani!" alipiga kelele kutoka tawini. "Hesabu hii arobaini na mmoja vizuri! Haina mgeni hata mmoja!"

Askari wa Ujani walimwambia ateremke. Alimalizia kwanza tawi alilokuwa akilikata, kisha akateremka. Bwana Chanyika alisamehewa kwa sababu ya goti; walisema mtu wa goti lile hawezi kuwa amepanda popote.

Nilihesabu. Nilifanya nilichofanya kila mwaka, mti kwa mti, kwa darubini, nikisimama upande wa jua kisha upande wa kivuli. Mivule ile arobaini na mmoja ilikuwa safi kabisa. Haikuwa na kirukia hata kimoja. Na kwa kuwa kilikuwa kiangazi, haikuwa na jani hata moja la kijani.

Niliandika: imekufa, 41.

*

Kesi ilisikilizwa katika mahakama ya wilaya. Shtaka lilikuwa kuua mivule arobaini na mmoja, mali ya umma, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa hai kwa mujibu wa hesabu rasmi. Adhabu yake, endapo atatiwa hatiani, ilikuwa miaka kumi. Waziri alikaa safu ya mbele na Bwana Mkocho pembeni yake. Kwenye meza ya vielelezo palikuwa na msumeno, kamba, na kirukia kilichonyauka ndani ya chombo cha kioo. Watu waliombwa kusimama kwa heshima ya hicho cha mwisho.

Hakimu, mama mmoja mtu mzima aitwaye Mheshimiwa Yunge, alionekana kuumwa kichwa. Mwendesha mashtaka aliniita mimi peke yangu. Hakuhitaji mwingine.

"Siku ya Hesabu, mivule hiyo ilikuwa na jani lolote la kijani?"

"Haikuwa nalo."

"Kwa hiyo, kwa mujibu wa Kifungu cha Nne?"

"Ilikuwa imekufa."

"Na mwaka uliotangulia?"

"Ilikuwa hai."

"Kati ya uhai na kifo hicho, nani alipanda juu yake na msumeno?"

"Mshtakiwa."

Sikusema neno ambalo si la kweli. Nimeirudia kumbukumbu ya siku ile mara nyingi nikilitafuta neno la uongo kinywani mwangu, na sijaliona.

Mwendesha mashtaka alipoketi, hakimu alivua miwani. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida.

"Shahidi. Ninyi wawili, kwa makabila yenu, si ni watani?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mahakama hii inautambua utani. Linalosemwa na mtani humu ndani linaingia kwenye kumbukumbu, na aliyelisema haguswi na mtu." Hapo alimtupia jicho Waziri. "Je, unalo lolote la kumtania mwenzako kabla sijaendelea?"

Kila mtu alielewa alichokuwa akinipa. Mahakama haikuwa na njia ya kukipinga Kifungu cha Nne, lakini ingeweza kusikiliza utani. Sikudhani alikuwa amekwisha kunigeukia kizimbani, mikono juu ya ukingo, na alikuwa akitabasamu. Alikuwa akiningoja kama mtu anayemngoja mwenzake ashike upande wa pili wa meza ili waibebe.

"Nitanie, mtani," alisema. "Usinionee huruma."

Na maneno nilikuwa nayo. Yalikuja yenyewe, yamekamilika: Mheshimiwa, watu wa kwao hata kuua hawawezi, kapanda miti arobaini na mmoja na msumeno, na yote iko hai, subiri mvua uone anavyojiaibisha. Hayo tu. Sekunde nane, labda tisa. Watu wangecheka, hakimu angeandika, na kesi ingeahirishwa mpaka mvua. Mvua ilikuwa imebakiza wiki tano.

Nilifikiri kwamba utani si ushahidi. Nilifikiri kwamba mtu aliyetunga kipimo hapaswi kukicheka hadharani. Waziri alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwangu. Hilo nalo nililifikiri, na nalitaja kwa kuwa ni jambo la kweli.

"Sina la kuongeza," nilisema.

Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo, kama mtu aliyenyoosha mkono kusalimia na hajajua kwamba hajaonekana.

Hakimu alivaa miwani, akampa miaka kumi. Mivule arobaini na mmoja, ikiwa ni maiti na pia ni vielelezo, iliamriwa ikatwe na kuletwa mahakamani. Ililetwa kwa malori. Haikuenea katika chumba cha vielelezo, hivyo ikapasuliwa mbao, na mbao zikatengenezwa meza ya mikutano ya Wizara. Seremala alilalamika kwamba mbao ni mbichi mno, zimejaa maji, meza itapinda. Ilipinda. Mimi hukaa upande ulioinuka.

*

Miaka minne imepita. Nilipandishwa cheo kuwa Mkaguzi Mkuu. Lugende ilifikia mivule hai 1,863, ambayo ni yote iliyobaki, na Waziri akatangaza kwamba msitu umekamilika. Kisha jambo likatokea ambalo Wizara ililiita la kushangaza. Mvule ulionyonywa ukaisha hufa, na kirukia, kwa kuwa hakina mahali pengine pa kunywa, hufa nao. Vilikufa pamoja, msimu kwa msimu. Mwaka jana niliandika 402. Mwaka huu nilitembea msitu mzima kwa siku tano, na darubini sikuihitaji. Chemchemi iliyokuwa ikitoka chini ya mivule imekauka, na kijiji cha akina Bwana Chanyika kimehama. Wizara imeandaa rangi ya kijani, mapipa mia mbili, na inasubiri maoni yangu ya kitaalamu kama rangi ni jani.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi huenda gerezani. Mwanzoni Sikudhani alikuwa akikataa kuniona. Mwaka wa pili alikubali. Hatulizungumzii lile. Utani nao hatufanyi. Ananiita Mkaguzi, kwa heshima, na sijapata kuitwa kwa namna inayouma zaidi. Huwa ananiuliza juu ya mvua na goti la shemeji yake. Juu ya msitu hakuwahi kuuliza, na sikuwahi kusema.

Mwezi huu aliuliza. Amekonda, na mikono yake imekuwa laini, mikono ya mtu asiyepanda chochote. Alisogea karibu na wavu.

"Mkaguzi, hesabu umeshafanya?"

"Nimefanya."

"Wewe husemi uongo. Niambie. Ya mvule yenyewe, siyo ya mgeni. Mingapi imebaki?"

Jibu sahihi lilikuwa sifuri. Nililihakiki mara mbili.

"Mia tatu na kumi na sita," nilisema.

Ni tarakimu ya kwanza ya uongo niliyowahi kuitoa. Nyingine zote zilikuwa sahihi.

Alifumba macho, na midomo yake ikacheza kama anapiga hesabu. Alipoyafumbua, alikuwa Bibi Miti wa Lugende.

"Mia tatu na kumi na sita inatosha," alisema. "Una kalamu? Andika. Anzia upande wa mashariki, ndege wanalala huko. Tafuta watu sita, wasiwe wanene. Msumeno utiwe makali kila jioni. Kata mkono mzima chini ya kiliposhika, usione huruma na tawi. Na haraka, Mkaguzi, kabla ya matunda kuiva. Umeandika?"

"Mashariki," nilisema. "Watu sita. Endelea."

Aliendelea mpaka askari jela alipogonga mlango. Niliandika kila neno, kwa mwandiko safi, mstari kwa mstari, na mwisho nikamsomea yote ili aone kama kuna nilichokosea.